Mlango wa Uani Haulii

Nyinyi vijana mnaonunua king'ora kwa simu, kikaletwa kwa boti ndani ya boksi lenye picha ya familia inayocheka, nisikilizeni kabla hamjapanda ngazi. Mimi nimefunga umeme na ving'ora Pemba hii tangu nywele zangu nyeusi, mpaka leo daktari amenikataza ngazi. Na nakwambieni mapema: sikuaminini. Msikasirike, simwamini hata fundi aliyeniezekea nyumba yangu. Kazi hii ndiyo iliyonifanya hivi, au pengine nilizaliwa hivi ndiyo maana nikaipenda. Mke wangu anasema ni hilo la pili.

Nilipoanza, king'ora cha nyumba kilikuwa kengele, betri za tochi, na waya mwembamba uliovutwa kutoka dirisha hili hadi lile. Mwizi akiukata, kengele inalia. Siku hizi waya hakuna. Kila kipande kina betri yake ndogo, kinazungumza na kibao cha namba kupitia hewani, na kibao kina laini ya simu kinakupigia ulipo. Vizuri sana. Lakini mwizi ni yule yule, na mlango bado ni mbao iliyoning'inia kwenye bawaba, kwa hiyo msije mkajiona nyinyi ndio mmeanza kuwa na akili.

Aliyenifunza alikuwa fundi mmoja mfupi wa Chake Chake, Fundi Bakari, Mungu amrehemu. Siku yangu ya kwanza alinipa nyumba aliyokwisha kuifunga mwenyewe, akaniambia niikague. Nikapita, nikatazama, nikasema kila kitu kiko sawa. Akanikamata sikio kama mtoto wa chuo cha Kurani, akanipeleka nyuma ya kabati, akanionesha waya alioukata kwa makusudi. "Usimwamini aliyefunga kabla yako," akasema. "Hata akiwa mie. Fungua, tizama, gusa, ndipo useme." Sikio lile liliniuma siku tatu, na ningeomba Mungu liniume mpaka leo, kwa sababu kuna siku nililisahau, nikamtia mtu kwenye msiba.

Nitafika huko. Kwanza niwape ya kuwafaa.

Lile jicho la king'ora linalohisi mtu akitembea chumbani, usilielekeze kwenye dirisha wala kwenye pazia linalopeperushwa na feni. Kuna muuza duka mmoja pale Chake, king'ora chake kilikuwa kikilia kila siku akienda kusali adhuhuri. Alishaanza kumtazama mdogo wake kwa jicho baya, maana mdogo mtu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pili. Nikakaa ndani ya duka juu ya gunia la mchele tangu asubuhi, namngoja mwizi. Adhuhuri ilipofika akaja: mjusi kafiri, anapita juu ya kioo cha jicho kufuata wadudu. Nilipowaambia, ndugu wale walicheka mpaka wakatoka machozi, ila yule mdogo alicheka kidogo kuliko mwenzake.

Na nyinyi wa Wesha, Wambaa na kote kunakopulizwa na upepo wa chumvi, kila baada ya miezi michache fungueni vifuniko mtizame vishikizo vya betri. Vikiota kijani, futeni, pakeni mafuta ya mgando kidogo sana. King'ora chenyewe kiwekeni juu, pale ambapo hata nyinyi mnapaona tabu kupafikia. Mnaweka chini kwa uvivu, mwizi anakipiga shoka mara moja, mnabaki kulaumu mtengenezaji.

Sasa mlango. Mlango unalindwa na viplastiki viwili vyeupe, urefu wa kidole. Kimoja kina sumaku, unakibandika kwenye ubao wa mlango. Cha pili kina swichi, unakibandika kwenye mwimo. Mlango ukifungwa vinakaribiana, vinanyamaza. Ukifunguliwa vinaachana, king'ora kinalia. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukibandika, na hapo ndipo hatari ilipo. Vibandike upande wa kitasa, ule unaofunguka. Ukivibandika upande wa bawaba, mlango utafunguka nusu nzima na viwili hivyo bado vimekaribiana, vinadhani mlango umefungwa.

Mimi nalijua jambo hilo tangu ujana. Kulijua hakukunisaidia chochote.

Wambaa kulikuwa na mzee anaitwa Mzee Faki, mkulima wa karafuu, mtu wa swala tano na maneno machache. Mkewe alikwisha kufariki. Mwanawe wa pekee, Hamad, alikuwa na duka la vipuri Dar es Salaam, na mke wa Hamad, Mize, binti wa Shumba, ndiye aliyebaki Wambaa kumtazama mkwewe. Alimpikia, alimfulia, na msimu wa karafuu alichambua na kuanika pamoja na wachumaji. Mwaka ule mavuno yalikuwa mazuri. Mzee Faki aliweka magunia yake chumba cha nyuma akingojea siku ya kuyapeleka kuuza, na Hamad akamtumia king'ora kutoka Dar ili baba alale usingizi.

Mzee akakifunga mwenyewe. Alisomewa maelezo kwa simu na mwanawe, akapanda kiti, akabandika. Kimoja mlango wa mbele, kimoja dirisha la ukumbi, kimoja mlango wa uani, na jicho ukumbini. Namba ya kukizima walikuwa wakiijua wawili tu, yeye na Mize.

Ijumaa moja mzee alikwenda msikitini kama kawaida. Mize alikiwasha king'ora, akatokea uani, akaenda kusaidia kupika kwenye khitma, kisomo cha marehemu, nyumba ya tatu. Aliporudi mzee, magunia mawili hayapo. Mlango wa mbele umefungwa, dirisha limefungwa, king'ora hakijalia, na majirani wote hawakusikia kitu. Mzee akahesabu watu wanaoijua namba, akajitoa yeye, akabaki mmoja.

Jumapili akaniita. Nilimkuta kakaa barazani, hata salamu aliniitikia kwa tabu.

"Fundi," akasema, "mie sitaki maneno mengi. Nataka jambo moja tu unambie. Kidude hichi kimelala chenyewe au kimelazwa?"

Nikaingia kazini. Nikafungua mlango wa mbele, kikalia mpaka kuku wakakimbia. Nikafungua dirisha, kikalia. Nikapima betri, zimejaa. Nikatazama kumbukumbu ya kibao, ambacho huandika milango tu, hakiandiki kuzimwa: siku ile ya Ijumaa hakuna mlango uliofunguliwa wakati kimewashwa, mpaka wa mbele mzee aliporudi. Nilikuwa nimeshaanza kujiona hodari, na fundi akianza kujiona hodari mwogopeni.

Nyumba zetu mnazijua. Mbele ni kwa wageni na wanaume, katikati kuna pazia, nyuma ya pazia ni jiko, uani na wanawake. Mlango wa uani mchana haufungwi kwa kitasa. Unarudishwa tu, majirani wanawake wanapita kuomba chumvi na kurudisha sahani. Mimi nilisimama kwenye pazia. Adabu ni adabu, sivuki pazia la mtu ambaye mkaza mwanawe yumo ndani.

Ndipo nikasikia sauti yake kutoka nyuma.

"Fundi, samahani. Mlango huno wa uani ukifunguliwa kidogo haulii. Nshamwambia baba. Njoo utizame, mie nshajitanda."

Nitakwambieni ukweli wa nililolifikiri, ingawa naona haya. Nilifikiri: huyu anajua nini habari za king'ora? Mbona kaja na jawabu kabla sijamuuliza? Nikamwona kuwa ni mjanja, anataka kunitoa kwenye kibao nilipokwisha kumkamata. Kama angenyamaza, pia ningesema kanyamaza kwa sababu anajua alilolifanya. Shaka ikishakukaa kichwani, mtu akisema ni kosa, akinyamaza ni kosa.

Nikamgeukia mzee. Mzee akatikisa mkono.

"Wacha, yakhe. Mlango ule nimeufunga mwenyewe kwa mkono wangu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Ningeweza kusema: mzee wangu, kwa ruhusa yako, dakika moja tu. Mwanamke mwenyewe amekwisha kujisitiri, mkwewe yupo amesimama. Hakuna dini wala mila iliyonizuia pale. Kilichonizuia ni kuwa mzee wa umri ule ameniambia kazi yake ni sawa, nami nikaona vibaya kumkagua; na kuwa moyoni nilishamhukumu binti wa watu. Adabu ilikuwa kisingizio changu tu.

Hapo hapo mzee akampigia Hamad, akanipa simu.

"Fundi," Hamad akasema, sauti yake kavu, "baba kashanambia yote. Mie nangojea neno lako weye. Ukisema kimezimwa kwa namba, Jumamosi nnakuja kumpa talaka yake mbele ya wazee wake. Mwizi wa baba yangu simuweki."

Nikasema: "Kimezimwa kwa namba."

Neno hilo nililisema kwa sauti ya kitaalamu. Nilipofungasha vifaa nikamshauri mzee abadilishe namba siku ile ile, asimtajie mtu. Akaibadilisha mbele yangu, akiziba kibao kwa kiganja hata mimi nisione, na nikampenda kwa hilo. Jumatatu Mize akapelekwa kwao Shumba na begi moja. Habari ilifika kabla yake, kama kawaida ya habari mbaya hapa kisiwani.

Jumatano nilikuwa na kazi kwetu Wesha, kwa Bi Time. Bi Time ni mwalimu mstaafu, mjane, mkaidi kupita kiasi. Alijifungia king'ora mwenyewe kwa kutazama video, na aliponiita hakuniita kufunga, aliniita kumsifu.

"Pita, pita kote," akanambia. "Mie kikongwe, n'na nini cha kufichwa? Utizame na uani."

Nikapita naye mpaka mlango wa nyuma. Akaushika, akaufungua polepole, akaniangalia kama mwanafunzi anayengojea alama. Mlango ukafunguka. Robo. Nusu. King'ora kimya. Bi Time akakunja uso.

"Mbona wa mbele walia?"

Nikatazama juu. Viplastiki vyake viwili vilikuwa upande wa bawaba, vimekumbatiana vizuri kabisa. Upande wa kitasa palikuwa na kamba ya kuanikia nguo imefungwa kwenye msumari, hakupata nafasi, akavihamishia upande wa pili. Nikausukuma mlango mpaka bega langu likapita, mpaka mwili mzima ukapita. Kimya.

Nilikaa juu ya kinu cha Bi Time, akadhani nimepanda presha, akaniletea maji. Nilikuwa naisikia ile sauti ya nyuma ya pazia, kila neno.

"Bi Time," nikasema, "nimevunja nyumba ya watu."

Nikamweleza. Hakunifariji. Wanawake wa aina yake hawafariji mtu mwenye makosa. Alisema tu: "Sasa wakaa juu ya kinu changu wafanya nini? Nenda."

Nilifika Wambaa alasiri. Mzee Faki alikuwa peke yake, nyumba inanuka wali ulioungua. Sikukaa. Nikamwambia, "Mzee wangu, nnaomba nivuke pazia." Hakukuwa na mwanamke ndani tena wa kumsitiri. Akainuka, akanitangulia.

Mlango wa uani ulikuwa mzito, wa mbao za zamani. Upande wa kitasa, ukuta ulikuwa umemegeka udongo, plastiki isingeshika. Mzee akabandika palipo pazuri, upande wa bawaba. Nikamwomba awashe king'ora kwa namba yake mpya. Akawasha. Nikaufungua mlango, nikatoka nje. Kimya. Nikarudi ndani, nikalichukua gunia moja la karafuu mgongoni, nikatoka nalo ubavu, nikaingia nalo ubavu. Kimya. Na jicho lilikuwa limebandikwa ukumbini, linatazama sebule, mgongo wake kwenye pazia.

"Alinambia," mzee akasema. "Alinambia mara mbili. Nkamwambia haulii kwa sababu namba waijua weye."

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi la uani, mzee mzima, akafunika uso kwa kanga kuukuu ya Mize iliyokuwa kwenye kamba. Alilia. Nami nilikuwa sina haki ya kumnyamazisha.

Mnataka kujua nani aliiba. Mwizi hajapatikana mpaka leo. Ni mtu anayejua kuwa Ijumaa wanaume wote wapo msikitini na wanawake wapo kwenye khitma, na anayejua kuwa mlango ule unarudishwa tu. Hao ni Wambaa nzima. Nina mtu wangu ninayemshuku, nilimshuku siku ile na namshuku leo, lakini jina lake halitoki mdomoni mwangu. Nilishatoa moja, linatosha.

Alhamisi mimi na mzee tukaenda Shumba. Baba yake Mize, Mzee Kombo, alitukaribisha barazani, akatuletea kahawa, akatusikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Mzee Faki aliomba radhi kwa machozi. Mimi nilieleza habari ya bawaba na sumaku, nikatumia maneno mengi, kwa sababu mtu mwenye aibu huwa na maneno mengi.

Mzee Kombo akasema, "Mie mzee mwenzenu, nimesamehe. Lakini aliyeitwa mwizi si mie." Akaita ndani.

Mize akatoka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania, amekonda kwa siku nne, na macho yake yalikuwa makavu. Alimwamkia mkwewe, akamshika mkono, akamwambia amemsamehe. Kisha akanigeukia.

"Fundi, weye ulisema nimezima kwa namba. Ulisema kwa baba, ukasema kwa mume wangu kwa simu, na Wambaa wote washajua. Leo waja kunambia mie peke yangu, Shumba, kwamba sikuzima. Mie mbona nilikuwa naijua hiyo?"

Nikaitua kahawa yangu chini.

"Kesho Ijumaa," akasema. "Lile neno ulilolisema kule, kalisahihishe kule kule, watu wakitoka msikitini. Ukishasema, nnarudi. Na Hamad akija Jumamosi, aje aniulize mie kwanza kilichotokea, maana hajaniuliza."

Mimi nilikuwa fundi mwenye jina. Mkoani mpaka Konde walikuwa wakisema, fulani akipita nyumbani kwako mwizi hapiti. Usiku ule niliupima ulimi wangu kwa kila njia ya kukwepa. Niseme mzee ndiye aliyenikataza kuutazama mlango? Niseme mzee alikosea kubandika? Yote ni kweli, na yote ni kumtupia mwengine.

Ijumaa, watu walipotoka kusali Wambaa, nilisimama nje ya msikiti, Mzee Faki kando yangu. Nikasema: "Jamani, mimi ndiye fundi niliyesema Mize kamuibia mkwewe. Nilisema bila kuutazama mlango wa uani. Mwenyewe aliniita niutazame, nikakataa. Mlango ule haulii. Mtu yeyote angeweza kuingia. Binti huyu hakuiba kitu, mwongo ni mimi." Mtu mmoja nyuma akacheka, "Fundi mzima!" Mwengine akamwambia anyamaze. Nilikuwa nimelowa jasho mpaka kofia.

Alasiri gari ikasimama mbele ya nyumba ya Mzee Faki. Watu walikuwa wamejaa barazani na njiani. Wengine wamekuja kumpokea, wengine wamekuja kutazama tu, mimi nilikuwa kati ya wote wawili. Wanawake wakamwita apitie uani kama kawaida. Mize akashuka na begi lake, akawapita wanawake, akawapita wanaume barazani, akaufungua mlango wa mbele.

Kwa pirika za siku ile mzee alikuwa hajaingia ndani tangu atoke msikitini, amesahau kukizima. King'ora kikapiga ukelele Wambaa nzima. Watoto wakaziba masikio, watu wakatoka majumbani kutazama kuna nini. Mize alisimama mbele ya kibao, kidole kimenyooka, hajui abonyeze nini. Namba ilikuwa imebadilishwa, na mwenye kushauri ibadilishwe nilikuwa mimi.

Mzee Faki alikuwa barazani, katikati ya watu arubaini au zaidi. Angeweza kuingia akizime mwenyewe. Angeweza kumnong'oneza. Alisimama, akakusanya pumzi, akamtajia namba ile moja moja kwa sauti ya mwadhini, mbele ya kila mtu, na mbele ya yule ninayemshuku pia, maana na yeye alikuwepo.

Mize akabonyeza, kelele ikakatika. Namba niliisikia vizuri na mimi, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikumwambia mtu aibadilishe.